Jani juu ya ndoo: mrama wa meli na friji za kusindika gesi baharini

Aliyewahi kuchota maji kisimani anaijua kazi ya jani. Ndoo ikijaa, kabla ya kujitwika, mama huchuma kitawi chenye majani, au huchukua kibakuli cha plastiki, akakiacha kielee juu ya maji. Asipofanya hivyo, hatua kumi tu mgongo umelowa. Maji ndani ya chombo chochote yana mwendo wake wa kwenda na kurudi, na kasi ya mwendo huo inategemea upana wa chombo na kina cha maji. Kwa ndoo yenye mdomo wa sentimita 30 hivi, wimbi huenda na kurudi kwa nusu sekunde na ushee. Mtembea kwa miguu naye hupiga kama hatua mbili kwa sekunde. Miendo hiyo miwili ikikaribiana, kila hatua hulisukuma wimbi kulekule lilikokuwa linakwenda, kama anayesukuma bembea kwa wakati wake, na maji hupanda hadi yakamwagika. Jani linaivuruga ile safari ya wimbi kabla haijakua.

Sasa toa ndoo, weka pipa la chuma lenye urefu wa basi. Toa maji, tia propani inayochemka kwenye nyuzijoto 42 chini ya sifuri. Kichwa cha mama kiwe sitaha ya meli iliyotia nanga bahari kuu, kusi na kaskazi, mwaka baada ya mwaka. Mmwagiko wa hapo hauloweshi mgongo wa mtu, ila unaiharibia meli kazi yake nzima iliyoiweka pale: kupoza gesi hadi iwe kimiminika.

Meli za namna hii zipo, na moja ni jirani yetu. Coral Sul, inayoendeshwa na kampuni ya Eni ya Italia, imefungwa kilomita 50 hivi kutoka pwani ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, mahali penye kina cha mita 2,000 hivi. Ina urefu wa mita 432 na upana wa mita 66, ilijengwa Geoje, Korea Kusini, na shehena yake ya kwanza iliondoka Novemba 2022. Uwezo wake ni tani milioni 3.4 za gesi iliyosindikwa kwa mwaka. Tunaiita meli kwa mazoea tu, maana haisafiri. Ni kiwanda kinachoelea. Australia wana Prelude ya Shell, yenye mita 488. Malaysia waliwatangulia wote kwa PFLNG Satu, iliyoanza kuzalisha mwishoni mwa 2016. Kameruni walipata Hilli Episeyo, meli ya kubeba gesi iliyoundwa mwaka 1975 na baadaye ikageuzwa kiwanda. Tanzania inapanga kujenga kiwanda chake nchi kavu, Likong'o mkoani Lindi, na mengi nitakayoyaeleza hapa hayatamnyima usingizi mhandisi wa huko.

Kinachopoza ni kuchemka

Gesi asilia, ambayo sehemu yake kubwa ni methani, hugeuka kimiminika ikipozwa hadi karibu nyuzijoto 162 chini ya sifuri katika kanieneo ya kawaida ya hewa. Ujazo wake hupungua mara 600 hivi, na ndiyo maana inawezekana kuipakia melini na kuipeleka Japani au Hispania bila bomba.

Kuipoza ni kazi ileile ya friji ya nyumbani, imekuzwa tu. Fundi friji akikuambia "gesi imeisha" anazungumzia kipoozeo kinachozunguka ndani ya mabomba ya friji. Kompresa inakibana kinapata joto, joto hilo linatupwa nje kupitia zile nyaya nyeusi za mgongoni, kisha kinaachiwa kitanuke na kupoa ghafla. Kikiingia ndani ya friji kinachemka. Neno hilo lisikuchanganye: kuchemka ni kimiminika kugeuka mvuke, na kuna vimiminika vinavyochemka kwenye baridi inayoweza kukukata vidole. Kila kinachochemka hunyonya joto la kilicho jirani. Jirani katika friji ni samaki wako. Jirani kwenye meli ni gesi iliyotoka chini ya bahari.

Mahali ambapo kipoozeo na gesi hupitana bila kuchanganyika, chuma chembamba kikiwa katikati yao, ndipo panapoitwa kibadilisha joto. Ufanisi wake unasimama juu ya jambo moja: chuma kiwe kimelowa. Penye ukuta uliolowa kimiminika kinachochemka, joto hupita kwa wingi. Penye ukuta mkavu, uliozungukwa na mvuke peke yake, hupita kidogo mno. Kwa hiyo kibadilisha joto kilichokauka upande mmoja ni sawa na kilichokatwa kikapunguzwa, na wewe ulilipia kizima.

Nchi kavu, usawa wa kimiminika ni kitu cha bure. Mhandisi anachora mstari mmoja ulionyooka kwenye mchoro wake, anaandika "kimo cha propani", anaendelea na mengine. Baharini mstari huo haupo.

Birika linalocheza

Kuna namna mbili kuu za vibadilisha joto ambazo bahari huzisumbua, na kila moja husumbuliwa kwa njia yake. Ya kwanza wahandisi huiita birika. Ni pipa refu lililolazwa, limejazwa propani kiasi, na ndani yake yamesimamishwa matofali makubwa ya alumini. Tofali moja limeundwa kwa mabati membamba yaliyopangwa tabaka kwa tabaka, katikati yake mabati mengine yaliyokunjwakunjwa kama bati la paa, yote yakaunganishwa kwa kuyeyushwa ndani ya tanuri. Ukilikata ungeona maelfu ya vijia. Gesi inayopozwa hupita katika tabaka moja, propani katika tabaka linalofuata, na hivyo hivyo hadi mwisho. Ule mfumo wa kupoza kwa ngazi tatu, propani, ethilini, kisha methani, ambao kampuni ya Phillips ilianza nao Kenai, Alaska, mwaka 1969, leo hutegemea sana mabirika ya aina hii.

Kinachopendeza kwenye birika ni kwamba halina pampu. Tazama sufuria ya maharage jikoni: mapovu yanapanda pale penye moto, yanabeba mchuzi hadi juu, na mchuzi mwingine unashuka pembeni kuziba nafasi. Tofali la alumini hufanya hivyohivyo. Propani iliyo ndani ya vijia inachemka, inajaa mapovu, inakuwa nyepesi. Propani ya nje, isiyo na mapovu, ni nzito zaidi, nayo inajisukuma kuingia kwa chini. Mchanganyiko unapanda, unatokea juu ya tofali, mvuke unakwenda zake kwenye kompresa na kimiminika kilichobaki kinarudi bwawani. Nguvu yote ya mzunguko huu hutoka kwenye kimo cha propani iliyo nje ya tofali. Kimo kikishuka, mzunguko unadhoofu, na vijia huanza kukauka kuanzia juu.

Hapo sasa lete wimbi. Chukua birika la kufikirika lenye bwawa la urefu wa mita 12 na kina cha mita moja na nusu. Ukifanya hesabu ya kawaida ya mawimbi ndani ya chombo cha mstatili, utapata kwamba propani hiyo huenda na kurudi kwa sekunde 6.4 hivi. Bwawa likiwa na mita 20, inakuwa sekunde 10 na nusu. (Hesabu haijali kama ni propani au maji ya kisima, uzito wa kimiminika haumo kabisa kwenye fomula, na mara ya kwanza nilipoiona nilirudi nyuma kuhakikisha sijasahau kitu.) Mawimbi ya bahari nayo, kuanzia yale mafupi ya upepo hadi yale mapana yanayosafiri kutoka mbali, hupishana kwa sekunde kati ya 5 na 20. Birika limeangukia katikati kabisa. Ni ile hatua ya mama na ile ndoo, ila safari hii anayetembea ni Bahari ya Hindi, na haichoki.

Kinachofuata ni adha za pande mbili kwa wakati mmoja. Mwisho mmoja wa birika propani imekimbia: tofali lililoko huko limebaki uchi nusu, mzunguko umelegea, gesi inapita bila kupozwa sawasawa. Mwisho wa pili propani imerundikana: nafasi ya mvuke imebanwa, wimbi linapiga dari, na matone yanarushwa hadi kwenye mdomo wa bomba linalokwenda kwenye kompresa. Kompresa ni mashine ya mvuke. Tone la kimiminika likigonga mapanga yanayozunguka kwa kasi ile ni kama kokoto. Kwa ajili hiyo huwekwa chombo cha kutega matone kabla ya kompresa, na kama kikijaa, mfumo wa usalama hausubiri kuuliza. Unaizima kompresa, na kiwanda kinasimama.

Kisha, sekunde tatu baadaye, mambo yanageuka. Kilichokuwa kikavu kinalowa, kilicholowa kinakauka. Alumini haipendi mchezo huo. Sehemu moja ya tofali ikipata joto na jirani yake ikabaki baridi, moja inatanuka na nyingine haitanuki, na viungo vilivyoyeyushwa tanurini ndivyo vinavyobeba mvutano. Mara moja si kitu. Mara elfu kumi kwa siku, kwa miaka, ni ile habari ya waya unaoukunja na kuukunjua hadi unakatika mkononi.

Jingine linachekesha kidogo, ingawa aliye zamu usiku hachekeshwi. Birika lina kipimo cha kimo, na kipimo hicho ndicho kinachoamuru vali ya kuingiza propani. Kikiwekwa mwisho wa pipa, wimbi likija kinaona "imejaa" na kufunga vali. Wimbi likiondoka kinaona "imeisha" na kufungua. Vali inafunguka na kufunga kwa mapigo ya bahari, kama dereva mwanafunzi anayesahihisha usukani kila sekunde, na sasa kiwanda kizima kinayumba hata kuliko meli. Dawa yake ni mbili: kupima wastani wa muda mrefu badala ya kimo cha papo hapo, na kuweka kipimo katikati ya urefu wa pipa. Wimbi la kwanza na kubwa zaidi hupanda na kushuka kwenye ncha. Katikati uso wa kimiminika karibu hautikisiki, kama kiungo cha katikati cha ubao wa bembea.

Na jani? Jani la birika ni kuta zenye matundu zinazosimamishwa ndani yake, kati ya tofali na tofali. Kazi yake kubwa ni kulifupisha bwawa. Lile bwawa letu la mita 12 likikatwa katikati, muda wa wimbi unashuka kutoka sekunde 6.4 hadi 3.4. Likikatwa vipande vinne, unafika sekunde mbili, na mawimbi ya bahari yanayoweza kuitikisa meli kubwa hayana pigo la haraka namna hiyo. Umeitoa ndoo kwenye mwendo wa mguu. Matundu yenyewe hufanya kazi ya pili: kimiminika kikilazimishwa kupenya kwenye tundu dogo kinapoteza nguvu yake kwa msuguano.

Lakini ukuta si jambo la kutoboa na kusahau. Ukiubana mno, propani inayoingia upande mmoja inachelewa kufika upande wa pili, na tofali la mwisho linakaa na njaa hata bahari ikiwa shwari. Ukiutoboa mno, wimbi linapita kama kwamba ukuta haupo. Pia chini lazima pabaki njia ya kulisha vijia, na juu lazima pabaki njia ya mvuke. Kwa maoni yangu, kwenye kazi hii yote hapa ndipo ufundi ulipo, kwa sababu jibu la bahari ya Sarawak, Malaysia, si lazima liwe jibu la Cabo Delgado.

Mahali birika linapolazwa nako kuna uzito. Kiwanda kinachoelea kama Coral Sul kimefungwa kwa mhimili unaoruhusu meli nzima kuzunguka, hivyo omo, yaani mbele ya meli, hujielekeza inakotoka hali ya hewa, kama dau lililotia nanga. Mrama wa ubavu kwa ubavu unapungua. Kinachobaki zaidi ni omo kupanda na tezi, yaani nyuma, kushuka. Ingekuwa ni hivyo siku zote, ungelaza mabirika yote kwa upana wa meli, karibu na katikati, ukalala. Ila kuna siku upepo na mkondo huikalisha meli huku, na mawimbi mapana yanakuja kutoka kule. Siku hiyo ubavu ndio unaopigwa.

Mnara na nyuzi moja ya mlalo

Namna ya pili ni ile iliyomo kwenye Coral Sul na Prelude: mnara wa koili. Chukua nguzo, izungushie bomba nyembamba tabaka juu ya tabaka, kama uzi kwenye kigurudumu cha cherehani, hadi upate fundo lenye upana wa mita kadhaa na urefu wa ghorofa nyingi. Gesi hupanda ndani ya mabomba. Kipoozeo humwagwa kutoka juu, kikashuka nje ya mabomba, tone kwa tone, bomba kwa bomba, kikichemka kadiri kinavyoshuka. Hakuna bwawa hapa, kwa hiyo hakuna wimbi la kwenda na kurudi. Mtu angedhani tumepona.

Shida ya mnara ni kwamba tone linashuka wima na mnara hausimami wima. Mnara wa mita 50 ukilala kwa nyuzi moja tu, pembe ambayo jicho haliwezi kuiona, kilele chake kinakuwa kimetoka nje ya kitako kwa sentimita 87. Kama upana wake ni mita 4, tone lililoanzia karibu na ukingo lingekuwa limeufikia ukuta kabla ya kufika chini. Mabomba yenyewe huliongoza tone kwa kiasi fulani, kwa hiyo hali halisi si mbaya kiasi hicho, lakini mwelekeo ni huo: upande mmoja unafurika, mwingine unakauka. Kwenye upande uliofurika kipoozeo kinafika chini bado hakijachemka chote, yaani baridi uliyoilipia inatoka bila kutumika. Kwenye upande mkavu mvuke unapata joto bure.

Na hapa kuna jambo linalowashangaza wengi. Kwa mnara, mrama wa kwenda na kurudi una madhara madogo kuliko mlalo wa kudumu wa pembe hiyohiyo. Safari ya tone kutoka kileleni hadi chini ni ndefu kuliko pigo moja la mrama. Tone linasukumwa kulia, kisha kushoto, kisha kulia, na likifika chini misukumo imefutana kwa sehemu kubwa. Mabomba nayo yanauzunguka mnara, kwa hiyo kila bomba linapita upande uliolowa na upande mkavu kwa zamu. Mlalo wa kudumu haufutani na chochote. Bahari inayochafuka ikaishia jioni inaweza kumpa mwenye kiwanda hasara ndogo kuliko meli iliyolala ubavu nusu nyuzi kwa wiki nzima juu ya maji ya kioo.

Dalili zake ni za kimyakimya. Hakuna king'ora. Gesi iliyogeuzwa kimiminika inatoka kwenye mnara ikiwa na joto lililozidi kidogo lile lililopangwa, na inaposhushwa kanieneo kuingia tangini sehemu kubwa zaidi inarudi kuwa mvuke. Mvuke huo ama unachomwa kama mafuta ya kuendeshea mitambo, ama unarudishwa kubanwa upya, na ukizidi uwezo wa mashine, anayeongoza mtambo hana budi kupunguza gesi inayoingia. Tani zinapungua, hakuna aliyekosea.

Wabunifu hujikinga kwa kuukata mnara vipande, ili kipoozeo kilichoegemea upande mmoja kikusanywe na kugawanywa upya kabla ya kuendelea kushuka. Kila mgawanyo unaongeza urefu, uzito na gharama, na uzito ulioko juu sana melini ni uzito unaoongeza matatizo yaleyale.

Kuna pia waliokataa mchezo mzima. PFLNG Satu ya Petronas, yenye uwezo wa tani milioni 1.2 kwa mwaka, hupoza kwa naitrojeni inayobaki kuwa gesi kutoka mwanzo wa mzunguko hadi mwisho. Gesi hujaza chombo chote hata ukikipindua. Haina uso, haina wimbi, haijui juu wala chini. Juu ya hapo, unaondoa propani sitahani, na watu wanaolala mita chache kutoka hapo wanashukuru. Gharama yake ni nishati: naitrojeni isiyochemka hubeba joto kidogo, hivyo kompresa hufanya kazi kubwa zaidi kwa kila tani. Kwa kiwanda kidogo biashara hiyo inalipa. Kwa kiwanda cha ukubwa wa Coral Sul au Prelude, wenye fedha walichagua vipoozeo vya mchanganyiko vinavyochemka, wakakubali kupambana na mlalo.

Mapambano hayo kila siku hufanywa kwa kitu ambacho manahodha wa majahazi walikijua kabla ya kompresa kuzaliwa: farumi. Zamani yalikuwa mawe na mchanga chini ya jahazi. Leo ni maji ya chumvi yanayopampwa kutoka tangi hili kwenda lile. Kiwanda kinachoelea hakikai na uzito mmoja. Kinajaza gesi saa zote, kisha baada ya siku kadhaa meli ya mnunuzi inakuja kusimama ubavuni na kunyonya maelfu ya tani ndani ya zamu chache. Tangi la kulia likitangulia la kushoto, meli inaanza kuegemea, pole pole, bila mtu yeyote kikombe chake kuteleza mezani. Mtu wa farumi akichelewa kidogo na nusu nyuzi ikajitokeza, kilele cha ule mnara wa mita 50 kimeshatoka kwa sentimita 44, na mwenzake wa chumba cha kuongozea mitambo anaanza kuona joto la gesi likipanda na kujiuliza ni vali gani imeharibika.